Hoteli karibu na Kasri la Versailles: kisa cha Mzee, goti lake na tarehe 7 Mei

Mwishoni mwa Februari 2025 alinipigia simu dada mmoja muuguzi anayefanya kazi Stuttgart. Baba yake, mwalimu wa historia aliyestaafu, mwenyeji wa Kalenga nje kidogo ya mji wa Iringa, alikuwa anakuja kukaa naye miezi miwili. Katika yote aliyosimuliwa kuhusu Ulaya, Mzee alikuwa ameomba jambo moja tu: apelekwe Versailles. Dada alikuwa ameshapata hoteli kwenye simu yake. "Kaka, hebu niangalizie kabla sijalipa," aliniambia. "Wewe uko hukohuko, mimi naona picha tu."

Ninaishi kitongoji cha kusini mwa Paris, na kila mwaka watu wa nyumbani huniletea maswali ya namna hii. Hili nimeamua kuliandika lote, tangu simu ile hadi asubuhi waliyoondoka, maana ndani yake yamo karibu mambo yote yanayowakwaza watu wanaotafuta malazi karibu na kasri lile. Mzee mwenyewe ameniruhusu.

Tangazo alilonitumia lilikuwa la hoteli ya nyota tatu, euro 118 kwa usiku, chumba cha watu watatu (Mzee, binti yake na mjukuu), kifungua kinywa humohumo, metro hatua chache kutoka mlangoni. Jina la hoteli lenyewe lilikuwa na neno Versailles. Unalipa papo hapo, na ukighairi hela hairudi. Nikashuka hadi kwenye anwani. Mwisho wake palikuwa na namba 75015.

Namba hiyo ni ya wilaya ya 15 ya jiji la Paris. Hoteli ilikuwa Porte de Versailles, yaani Lango la Versailles, pale ambapo zamani mtu akitoka Paris alishika njia ya kwenda huko. Leo pana kumbi kubwa za maonyesho ya biashara, na hoteli nyingi za pale zimejengwa kwa ajili ya wanaokuja kwenye maonyesho. Hakuna aliyemdanganya dada. Mahali panaitwa hivyo tangu zamani. Lakini kutoka pale hadi kasri ni zaidi ya kilomita kumi. Ni sawa na mtu aliyepanga chumba Mwenge, kando ya Barabara ya Bagamoyo, halafu akaamka asubuhi akiyatafuta magofu ya Kaole.

Anwani ya mji wa Versailles ina namba 78000. Ukiona 78150 uko Le Chesnay, mji jirani upande wa kaskazini. Ukiona 78140 uko Vélizy, na bila gari utahangaika. Tarakimu hizo tano ndizo ninazozisoma kwanza, kabla ya nyota na kabla ya picha za vitanda.

Kabla ya kutafuta hoteli nyingine niliomba niongee na Mzee mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa bado Kalenga akisubiri viza ya ubalozi wa Ujerumani.

"Kamwene, Mzee."

"Kamwene, mwanangu. Umeshajua ninachokwenda kuona?"

Nilikuwa sijui. Nilidhani ni bustani, au vioo, au kitanda cha mfalme, kama watu wengi. Akanisomea kwenye simu, taratibu, kama anayewaandikisha wanafunzi imla: Mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kifungu cha 246. Ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, Ujerumani itaikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa lililoondolewa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, askari wa Kijerumani wakakikata kichwa chake, na fuvu likavushwa bahari. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919 kwenye Ukumbi wa Vioo ndani ya kasri, ukaanza kutumika tarehe 10 Januari 1920. Hiyo miezi sita ikawa miaka 34. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kulitafuta mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, na fuvu likarudi Kalenga mwaka 1954. Mzee alikuwa na miaka mitatu, mgongoni mwa mama yake, siku watu walipokusanyika kulipokea. Hana anachokikumbuka isipokuwa alivyosimuliwa.

"Nimefundisha kifungu hicho miaka thelathini," alisema. "Nataka nisimame walipokitilia saini."

Halafu akaongeza la pili, na hilo ndilo lililoamua hoteli. Tarehe 7 Mei 1919, karibu miezi miwili kabla ya saini, Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa, aliwakabidhi wajumbe wa Ujerumani, wakiongozwa na Brockdorff-Rantzau, masharti ya amani yaliyoandikwa bila wao kushirikishwa. Makabidhiano hayo hayakufanyika kasrini. Yalifanyika kwenye hoteli, Trianon Palace, iliyofunguliwa mwaka 1910 kando ya bustani. Wajerumani wenyewe walikuwa wamelazwa hoteli nyingine, Hôtel des Réservoirs, kwenye mtaa wa jina hilohilo, wakizungushiwa uzio ili wasichangamane na watu. Mzee alitaka kuyaona majengo yote mawili, na kama ingewezekana, tarehe hiyohiyo ya 7 Mei. Pale ndipo Ujerumani ilipoambiwa iachie makoloni yake. Pale ndipo safari iliyoifanya Tanganyika kuwa chini ya Mwingereza, na Rwanda na Burundi chini ya Mbelgiji, ilipowekewa karatasi mezani.

Nikafungua ramani. Trianon Palace iko Boulevard de la Reine. Hôtel des Réservoirs iko Rue des Réservoirs, ubavuni mwa kasri. Zote mbili ziko kaskazini, mtaa wa Notre-Dame. Mzee alikuwa ameshanichagulia upande wa mji bila yeye mwenyewe kujua.

Sasa kalenda. Dada alikuwa amepanga zamu zake za hospitali ili awe huru Jumapili tarehe 4 hadi Jumanne tarehe 6 Mei. Kasri la Versailles hufungwa kila Jumatatu. Kwa mpango ule wangefika Jumapili jioni, wakashinda Jumatatu nzima mbele ya lango lililofungwa, kisha wakaingia Jumanne, ambayo ni moja ya siku zenye msongamano mkubwa, kwa kuwa waliozuiwa jana wote wanakuja leo. Wengi huliona hilo wakiwa wameshalipia. Nikamwomba abadilishane zamu na mwenzake: wafike Jumanne tarehe 6, waingie Jumatano tarehe 7, waondoke Alhamisi tarehe 8.

Alifanikiwa kubadilisha zamu, lakini tukakwaa kwingine. Tarehe 8 Mei Ufaransa huadhimisha mwisho wa vita vya 1945, ni sikukuu ya taifa zima, na mwaka 2025 iliangukia Alhamisi. Wafaransa huchukua na Ijumaa, wakapata siku nne za kupumzika. Stuttgart siku hiyo watu wako kazini, kwa hiyo dada hakuwa na sababu ya kuijua. Nilipotazama bei, hoteli ileile iliyodai euro 126 usiku wa Jumanne ilidai 171 usiku wa Jumatano. Nikampa Mzee hesabu hiyo wazi, kwamba tarehe 7 inamgharimu karibu euro 45 zaidi. Akasema zilipwe, na atazilipa yeye kwa pensheni yake.

Hapa niseme ninavyoamini. Kwa mtu mwenye miguu mizima simshauri kila mara alale Versailles. Mwaka 2025 tiketi ya treni na metro ilikuwa euro 2.50, bei moja popote ndani ya Île-de-France, yaani mkoa wa Paris, isipokuwa viwanja vya ndege, na kutoka katikati ya Paris unafika chini ya saa moja. Anayelala Versailles ananunua vitu viwili: asubuhi, na kitanda cha mchana. Asubuhi, kwa sababu kasri hufunguliwa saa tatu, na wa kwanza kufika wanaingia kabla mabasi ya kutoka Paris hayajamwaga watu. Kitanda cha mchana, kwa sababu eneo lote lina ukubwa wa hekta 800 hivi, Mfereji Mkuu peke yake una urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, na hakuna goti la miaka 74 linaloweza kuyamaliza hayo kwa mkupuo mmoja. Mzee, mwenye goti bovu, alivihitaji vyote viwili.

Hekta hizo 800 ndizo zinazoyafanya maneno "karibu na kasri" yasiwe na maana. Hoteli moja ya Le Chesnay ilijitangaza kwa umbali wa chini ya kilomita mbili. Niliupima kwenye ramani: ni mstari ulionyooka, ndege anavyoruka. Binadamu analazimika kuzunguka kuta na bustani hadi alifikie lango la mbele, maana mwenye tiketi ya kasri anaingilia mbele, kwenye uwanja wa Place d'Armes. Kwa hiyo ninapima kutoka mlango wa hoteli hadi lango lile, kwa miguu, kwa njia ambayo mtu anapita kweli.

Jumamosi moja ya Machi nilikwenda kupima. Mji una stesheni tatu, na wageni huzichanganya. Château Rive Gauche ni mwisho wa RER C, treni ya mkoa inayopita katikati ya Paris, ndiyo iliyo karibu kuliko zote, dakika kumi kwa mtu mzima wa afya. Rive Droite ni mwisho wa laini L kutoka stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris, dakika 17 hivi. Chantiers ni ya laini N kutoka stesheni ya Montparnasse, nayo ya Paris, na treni nyingine za RER C zinazoendelea mbele hupita hapo pia. Kutoka pale unatembea dakika ishirini. Nilitembea zote tatu kwa mwendo wa baba yangu, ambaye naye ana goti bovu: hatua fupi, kusimama kila kwenye benchi, kungoja taa za barabarani bila kukimbilia. Rive Gauche ikawa dakika 17. Rive Droite 28. Chantiers nikaacha kuhesabu baada ya nusu saa.

Kisha nikapima kutoka mwisho wa magharibi wa Rue de la Paroisse, pale inapokaribiana na Rue des Réservoirs. Dakika 14. Hapo nikajua tunatafuta wapi.

Dada alikuwa akifuatilia nami kwenye ramani, na siku moja akaniuliza kama kuna vyumba Hôtel de Ville, maana ilionekana jengo zuri na liko Avenue de Paris, jirani na stesheni. Hiyo ni ofisi ya meya. Neno hôtel kwa Kifaransa cha zamani ni jumba kubwa, la mheshimiwa au la umma, na mji huu umejaa majumba hayo kwa sababu maalumu. Louis XIV alianza kugawa viwanja mwaka 1671 kwa wale watakaokubali kujenga. Tarehe 6 Mei 1682 akahamia yeye na serikali yake yote, na kuanzia siku hiyo kila mwenye shida na mfalme alitaka paa karibu na lango. Waliopewa vyumba ndani ya kasri wengine walibanana chini ya dari, gizani, watu wenye vyeo vikubwa. Nje, mji ukakua kwa ajili ya waliokosa. Nilimweleza Mzee kwamba atafika tarehe 6 Mei, akafurahi sana.

Hoteli zenyewe sasa. Iliyo ndani kabisa ya eneo la kasri, Le Grand Contrôle, ilifunguliwa mwaka 2021 kwenye jengo la 1681, ina vyumba 14, na bei zake hazituhusu. Trianon Palace nayo bado ni hoteli, ya anasa, na hata Mzee alisema ataitazama kwa nje inatosha. Zilibaki nyumba tatu.

Ya kwanza ilikuwa nyuma ya Rive Gauche, jengo jipya, lifti pana kuanzia usawa wa barabara, bafu la shawa. Kwa wageni wengi ningeishia hapo na kukata shauri. Lakini haikuwa na chumba cha watu watatu, wangegawanyika ghorofa mbili tofauti, na dada hakutaka baba yake alale peke yake katika nchi asiyoijua lugha yake. Pia ilikuwa kusini, na kila ambacho Mzee alitaka kukiona nje ya kasri kiko kaskazini. Angelazimika kuuvuka uwanja wa mbele tena na tena.

Ya pili ilikuwa kaskazini, karibu na soko, chumba kikubwa chenye madirisha mawili, picha zinavutia. Nikauliza kuhusu bafu. Vyumba vyote vya watu watatu vina beseni refu la kuogea, ukingo wake unafika usawa wa goti. Kijana anaruka bila kufikiri. Mtu wa goti bovu analazimika kusimamia mguu mmoja juu ya kigae chenye maji, na ajali za wazee wetu nyingi hutokea hapohapo. Nikaiacha.

Ya tatu ilikuwa nyumba ya zamani ya ghorofa nne, pembezoni mwa Rue de la Paroisse, dakika zangu 14 kamili. Nikapiga simu.

"Lifti mnayo?"

"Tunayo, bwana."

"Inaanzia wapi?"

Mama wa mapokezi akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa upole, kwamba swali hilo huulizwa mara chache, na akanitumia picha. Lifti ilikuwa ndogo ya watu wawili, imebanwa katikati ya ngazi ya zamani, na ili uifikie unapanda kwanza vipandio sita vya mawe visivyo na pa kushikia upande wa kushoto. Nyumba nyingi za zamani Ufaransa ziko hivyo, maana lifti ilikuja baada ya ngazi. Kwenye tangazo alama ya lifti ipo, na ni kweli ipo. Goti ndilo linalojua vipandio sita.

Yule mama ndiye aliyetutoa kwenye tatizo. Alisema kipo chumba cha chini, cha uani, ambacho wageni hawakipendi kwa sababu dirisha linatazama ukuta na mwanga ni kidogo. Kitanda kikubwa cha sentimita 160, kitanda kimoja cha pembeni, na kochi linalokunjuliwa. Hakuna kipandio hata kimoja kutoka mtaani. Shawa ni sakafu moja na bafu, haina ukingo. Bei yake ilikuwa pungufu kwa euro 15 kila usiku: 111 Jumanne, 156 Jumatano, pamoja na haki ya kughairi hadi siku tatu kabla. Haki hiyo tuliihitaji, viza ilikuwa bado haijatoka, na nimeshaona watu wakipoteza pesa zote kwa kulipia malazi kabla ya pasipoti kurudi. Nikampelekea Mzee picha ya ukuta ule, asije akasema hakuambiwa. Akajibu kwamba alikuwa haji Versailles kutazama dirisha la hoteli.

Viza ilitoka mwanzoni mwa Aprili. Tukakata tiketi za kasri za saa tatu asubuhi, Jumatano tarehe 7. Mjukuu, mwenye miaka tisa, aliingia bure kama wote walio chini ya miaka 18. Niliwakumbusha mambo mawili ya karatasi. Pasipoti isibaki Stuttgart, maana hoteli za Ufaransa humjazisha mgeni wa nje fomu ya polisi. Na kwenye bei itaongezwa tozo ya usiku kwa kila mtu mzima, ambayo katika Île-de-France ilipandishwa sana mwaka 2024, ili wasidhani wameibiwa.

Walishuka stesheni ya Gare de l'Est, Paris, Jumanne mchana baada ya zaidi kidogo ya saa tatu za treni. Nilikataa wasiingie metro na begi. Walichukua teksi fupi hadi Saint-Lazare, kisha laini L hadi Rive Droite. Nilipenda njia hiyo kwa sababu Rive Droite ni mwisho wa reli: huwezi kupitilizwa, na mzee anashuka polepole bila kuogopa mlango kufungwa. Niliwapokea pale. Soko la wazi la Notre-Dame, ambalo huwa Jumanne, Ijumaa na Jumapili asubuhi, lilikuwa limeshafungashwa, ila mabanda manne yaliyoezekwa yalikuwa wazi. Bado yana majina ya zamani: la samaki, la unga, la mboga, la nyama. Tukanunua kuku wa kuokwa, mkate na matunda, tukala chumbani. Mzee alilala mapema.

Asubuhi ndipo nilipogundua kosa langu. Nilikuwa nimepima umbali na muda, sikupima mawe. Place d'Armes inapanda taratibu kuelekea kasri, na imetandikwa mawe ya mraba ambayo kingo zake zimechakaa kwa miaka. Mwezi wa Machi nilivaa raba, sikuyahisi. Mzee alikuwa na viatu vya ngozi alivyovipiga rangi usiku, na mkongojo wa mninga wenye ncha nyembamba. Kila ulipotua, ncha iliingia kati ya jiwe na jiwe, akalazimika kuuchomoa ndipo apige hatua. Kwenye ule mpando wa mwisho alikuwa anautazama mkongojo, hautazami hata mlango wa dhahabu mbele yake. Dakika zangu 14 zikawa 26. Tulikuwa tumetoka mapema, tukafika kabla ya saa tatu, lakini alifika akiwa amechoka, na uchovu ule niliusababisha mimi. Kipira cha kuvalisha ncha ya mkongojo kingetosha. Kwenye duka la dawa vinauzwa. Tulikinunua mchana, na sasa ninakiandika mwanzoni mwa orodha yangu.

Ndani tulimwomba mhudumu, akatuonyesha lifti. Tukafika Ukumbi wa Vioo kabla haujajaa. Una urefu wa mita 73, madirisha 17 upande wa bustani, na matao 17 ya vioo upande wa pili yakiwa na vioo 357. Saa hiyo bado unasikia viatu vya mtu mmoja mmoja kwenye mbao za sakafu. Mzee alimpa mjukuu mkongojo aushike. Akatoa mfukoni daftari la shule lenye jalada la bluu, akasoma kifungu cha 246 kwa Kiswahili, tafsiri yake mwenyewe, kwa sauti ya darasani, hakuishusha. Kisha akakirudia kwa Kihehe. Walinzi walitazama, hawakusema kitu. Binti yake alikuwa amegeukia dirishani.

Kutoka tulitokea upande mwingine kabisa, na hapa nilikuwa nimepanga vizuri. Nilikuwa nimemuuliza mlinzi asubuhi kama lango la chini, la Dragon, liko wazi, akasema ndiyo. Kutoka kasrini unashuka bustani ya kaskazini, kisha Njia ya Maji, mteremko mtupu hadi kwenye bwawa la Neptune na lango. Hakuna kupanda. Pembeni mwa njia hiyo kuna watoto wa shaba, watatu watatu, wamebeba mabeseni ya maji kichwani. Mjukuu aliyahesabu mabeseni yote kwa kukimbia huku na huku, akapata 22, na ndivyo yalivyo. Mzee alishuka nyuma yake akisimama kila alipotaka. Ukitoka langoni tu uko Rue de la Paroisse, na baada ya dakika chache tukawa uani. Alilala saa mbili. Chumba kisichopendwa na wageni kilikuwa na giza zuri na kimya.

Alasiri tulikwenda kwa teksi hadi Trianon Palace, jengo jeupe lililo tulivu, magari ya kifahari mbele yake. Mzee alisimama ng'ambo ya barabara kama dakika kumi, akamweleza mjukuu nani aliingia kupitia wapi, na kwamba leo imetimia miaka 106. Kisha tukarudi kwa miguu, barabara bapa, kipira kipya kwenye mkongojo, tukaingia Rue des Réservoirs. Aliuliza kama Wajerumani waliolazwa pale waliruhusiwa kutembea bustanini. Nikamwambia walikuwa na sehemu yao iliyozungushiwa uzio. Akaligusa jiwe la ukuta kwa kiganja, akaendelea kutembea.

Alhamisi ilikuwa sikukuu, mitaa mitupu. Yule mama wa mapokezi aliwatunzia mabegi hadi saa tano bila malipo, akatuitia teksi ya kwenda stesheni kwa sababu siku kama hizo hazipatikani kwa kupunga mkono. Rive Droite treni ilikuwa imeshasimama, milango wazi, na bado kulikuwa na dakika kumi na mbili. Mzee akakaa dirishani, akatoa daftari la bluu, na chini ya kifungu cha 246 akaandika kwa herufi zake za ubaoni: Versailles, usiku mbili, 6 na 7 Mei 2025, chumba cha chini, mlango wa uani.